Kumpa jina mbwa mweupe mwenye manyoya tele: mwongozo kwa wafugaji wa Mtwara na Lindi

Mtoto wa mbwa mweupe, manyoya yamemfunika mpaka macho, akitolewa tu kwenye kikapu jina la kwanza linalowatoka watu ni la rangi: Pamba, Theluji, Sukari. Si kwamba yote ni mabaya. Lakini kwa mbwa wa aina hii rangi ndiyo inayobadilika upesi kuliko kitu kingine, na jina utakaa nalo miaka 10 hadi 15. Kazi ya jina la mbwa ni kumgeuza kichwa akiwa mbali, upepo unavuma, na paka wa jirani anakatiza mbele yake. Anza na kazi hiyo, uzuri ufuate.

Huku mwambao kuna sababu ya ziada. Lindi, Kilwa, Mikindani, kila mtaa una Waislamu wengi wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa wadogo wa manyoya wengi ni wachangamfu, humrukia na kumlamba kila anayepita. Jirani aliyekwisha kutawadha, kanzu imenyooshwa, anaelekea msikitini, anastahili mbwa wako asimame kabla hajamfikia. Hapo una sekunde mbili na neno moja tu, na neno hilo ndilo jina.

Soma manyoya kabla ya kutaja rangi

Mtoto wa mbwa hubeba manyoya ya utotoni, laini kama sufi, na huanza kuyabadilisha akiwa na miezi 4 hadi 6 hivi. Yanayoota baadaye yanaweza kuwa na rangi nyingine. Mpeleke kwenye mwanga wa asubuhi, tenganisha manyoya kwa vidole nyuma ya masikio, kisha kwenye uti wa mgongo, kisha juu ya mkia. Ukikuta nywele za rangi ya asali au ya mchanga masikioni, tegemea mwili nao kuelekea huko. Kwa mbwa wa aina ya Golden Retriever hiyo ni dalili inayojulikana sana: rangi ya masikio ya mtoto hukaribia rangi ya mwili wa mkubwa. Maltese hubaki mweupe. Samoyed hubaki mweupe au krimu, pengine na madoa hafifu ya rangi ya biskuti. Pomeranian hubadilika sana. Wengi wa huku ni chotara, kwa hiyo usimwamini anayekuhakikishia kwamba atabaki mweupe pe.

Halafu kuna udongo. Mbwa mweupe wa Shangani anayelala kwenye mchanga hubaki na weupe wake wiki nzima. Mwenzake wa Nachingwea au wa uwanda wa juu wa Newala hupakwa wekundu siku ya kwanza, na mvua za Desemba hadi Aprili humalizia kazi. Mbwa wengi weupe hupata pia michirizi ya kahawia chini ya macho kutokana na machozi, na madoa ya rangi hiyohiyo kwenye miguu wanayoilamba. Ndiyo maana jina lililosimama juu ya weupe peke yake huchoka mapema. Theluji aliyegaragara kwenye tope la Januari haiti theluji tena kichwani mwa mtu, na watoto wa mtaani watambandika jina lao, ambalo ndilo atakaloitikia.

Majina ya umbo nayo yana tatizo lake. Manyoya ni jina zuri hadi siku utakapoyapunguza. (Punguza tu, usimnyoe mpaka ngozi ionekane hata joto likizidi. Mbwa wa manyoya ya tabaka mbili hutegemea manyoya hayo kujikinga na jua, na ngozi ya waridi iliyo chini huungua.) Kidogo na Kitoto yaepuke kama hujui ukubwa wa wazazi wake, kwa sababu chotara wa mbwa wakubwa atafika kilo 30 akiwa bado anaitwa Kitoto.

Sikiliza jina, usilisome

Silabi mbili ndizo bora, tatu zinakubalika, nne ni nyingi. Kitumbua ni tamu kulitaja ukiwa umekaa barazani, lakini jaribu kuliita mara tatu mfululizo huku unakimbia.

Kiswahili chenyewe kinakusaidia hapa. Maneno yetu huishia na irabu, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiita kwa mbali, silabi hiyo ndiyo inayovutwa: Paaamba, Kashaaata. Kwa hiyo silabi yenye mkazo ndiyo mbwa anayoisikia hasa, na ndiyo ya kuichagua kwa makini. Ya kwanza katika jina la silabi tatu humezwa na upepo, Barafu likaishia kuwa “raafu”. Irabu a na e hufungua mdomo, i hutandaza midomo, na sauti ikaenda. U hufunga midomo, ndiyo maana Wingu na Dafu hupotea kabla ya kufika mwisho wa shamba.

Kwa konsonanti, tafuta k, t au ch. Zinakata hewa ghafla na kubeba sauti nyembamba, na mbwa husikia sauti nyembamba hadi karibu hezi 45,000, wakati binadamu huishia 20,000 hivi. W, l, m na n ni laini, zinafaa kubembeleza. Na kama nyumbani kuna watu wanaotamka th kama s, au wanaobadilishana r na l, acha majina yenye herufi hizo. Mbwa anayeitwa Theluji na baba, Seluji na bibi na Seruji na mtoto ana majina matatu, na hujifunza kila moja polepole.

Sasa jambo linalosahauliwa kuliko yote. Kabla ya kuchagua jina, andika kwenye karatasi amri utakazotumia: njoo, kaa, lala, acha, hapana, ngoja, toka, rudi. Kisha weka kila jina unalolipenda kando ya kila amri na uyatamke kwa sauti, ukilinganisha mwendo wa irabu na pale mkazo unapoangukia.

Chokaa ni mfano ulio wazi. Linapendeza, lina ch na k, na lina heshima ya mahali, maana kuta za Kilwa Kisiwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Lakini mwisho wake ni “kaa”. Utamwita mbwa aje, naye atakaa palepale alipo akingoja sifa, na hatakuwa na kosa.

Pamba na hapana zinagongana kwa namna isiyoonekana kwenye karatasi. Katika zote mbili mkazo uko juu ya “pa”, na baada yake inafuata sauti ya puani na a. Ukikemea “hapana!” kwa nguvu, mbwa husikia nusu ya jina lake, na baada ya mwezi huanza kuogopa kuitwa. Dawa si lazima kuacha Pamba: acha hapana, tumia “acha” kukataza. Chicha ni kinyume chake. Linafanana na “acha” mwishoni, kwa hiyo mwenye Chicha akataze kwa “hapana”. Kopa na toka zina irabu zilezile kwa mpangilio uleule. Ukimpa jina la Kopa, mfukuze jikoni kwa “nje”. Lulu na lala ziko karibu mno, na Lulu ni jina la binti wa watu, kwa hiyo hilo liache kabisa.

Kuna pia maneno yanayotajwa nyumbani kutwa. Chumvi, Sukari, Maziwa, Unga: sisi hatuchanganyikiwi, kwa sababu tunasema “chumvi imeisha” kwa kitu na “Chumvi amelala” kwa mbwa, upatanisho unatuonyesha anayezungumziwa. Mbwa hana upatanisho wa sarufi. Anachosikia ni jina lake likitajwa mara ishirini bila chochote kumfuata, na polepole anajifunza kwamba sauti ile haimhusu. Korosho ndiyo inayowaponza wengi huku kwetu. Linapendeza kwa mbwa wa rangi ya krimu, lakini kuanzia Oktoba mpaka msimu uishe hakuna mtu Tandahimba au Masasi anayemaliza sentensi tatu bila kulitaja.

Watu watakaolisikia

Jina la mbwa huitwa nje, kwa sauti kubwa, na linasikika nyumba kumi. Kwa hiyo majina ya watu yaache, hasa ya Kiislamu na yale ya kumshukuru Mungu: Baraka, Neema, Rehema, Zawadi. Yana wenyewe. Majina ya ukoo, na yale watu waliyopewa jandoni au unyagoni, hayo hayaguswi. Vyeo pia visikaribie, tangu Babu hadi Mwenyekiti.

Kwa mbwa wa rangi nyeupe kuna onyo moja tunaloliweka kwa uzito wote: usimwite Zeruzeru, Albino wala Mzungu, na watoto wakianza kumwita hivyo wakataze siku hiyohiyo. Watu wenye ualbino nchini mwetu wameishi na matusi na mashambulizi ya kweli. Jirani yako mwenye ualbino asilale akisikia neno alilotukaniwa shuleni likiitiwa mbwa.

Sufi lina mtego ambao mgeni hauoni. Sufi za msufi ni nyeupe, laini, nyepesi, hakuna kinachofanana zaidi na manyoya ya mtoto wa mbwa. Lakini Kilwa, Lindi na Mtwara kuna wafuasi wa twarika, na kwao sufi ni mcha Mungu. Bibo nalo ni zuri kwa mbwa wa rangi ya manjano hafifu, mpaka pale utakapoliita uani ambapo bibi amekaa anachambua mboga. Kwa mbali Bibo na Bibi havitofautiani, na atakayeinua kichwa kwanza ni yeye.

Sembe na Unga yana maana nyingine mtaani, ya dawa za kulevya, na kuyapigia kelele saa nne usiku nje ya geti si busara. Povu liache kwa sababu nzito zaidi. Povu mdomoni ni dalili ya kichaa cha mbwa inayojulikana na kila mtu, na mpita njia akisikia “mbwa, Povu!” ataokota jiwe. Mwizi, Moto na Nyoka ni maneno ya kuita msaada. Usiyatumie kwa kitu kingine. Simba linafaa kwa shingo yenye manyoya mengi, na mjini Mtwara halina shida ila kwamba wanaoliitikia ni wengi. Katika vijiji vya Liwale vilivyo karibu na hifadhi, usilipige kelele magharibi watu wanaporudi kutoka mashambani. Huko simba ni mnyama wa kweli.

Ipo pia desturi ya zamani ya kumtumia mbwa kupeleka ujumbe kwa jirani: Majungu, Mtakoma, Hayawahusu. Wenye ugomvi wataendelea nayo. Ila ugomvi huisha, watu wakasameheana kwenye msiba, na jina likabaki likiitwa kila jioni kwa miaka 12. Mbwa asiwekwe katikati ya mambo hayo.

Majina yanayofanya kazi

Kashata ndilo tunalolipa nafasi ya kwanza kwa mbwa mweupe au wa krimu. Mkazo uko kwenye “sha”, t inakata mwishoni, a inafungua mdomo, na akichafuka bado linamfaa, kwa kuwa kashata nyingine ni za sukari iliyoungua. Ila irabu zake na mkazo wake ni sawa na vya “hapana”, kwa hiyo mwenye Kashata naye akataze kwa “acha”. Tatizo lake jingine ni silabi tatu, nalo ni dogo.

Chicha linamfuata kwa karibu. Ni yale machicha ya nazi yanayobaki kwenye kifumbu baada ya tui kukamuliwa: meupe, yamevimba, yanachambuka. Anayemwona mbwa wa manyoya mafupi yaliyosokotana ataelewa mara moja. Silabi mbili, ch mbili. Kumbuka tu lile la “acha”.

Kopa, la makopa ya muhogo mkavu, linafaa zaidi kwa mbwa mweupe mwenye vumbivumbi la kijivu. Samli linamfaa wa rangi ya siagi, na i ya mwisho inasikika vizuri, ila sikiliza kwanza kama kwa jirani kuna Salma au Salimu. Rondo, jina la uwanda wenye msitu mkoani Lindi, ni fupi na lina nguvu, nalo halitegemei rangi hata kidogo. Msitu huo ndio uliompa jina komba mdogo sana anayepatikana katika misitu michache ya pwani ya Tanzania. Komba lenyewe lingemfaa mbwa mdogo mwenye macho makubwa na mkia wa kuvimba, lakini ni jina la ukoo kwa watu wengi kutoka Ruvuma, na wanaoishi Mtwara si wachache. Uliza kwanza. Tikiti linasikika kuliko yote haya, na halihusiani na weupe kabisa. Wengine wataliona la ajabu, ila mbwa hataliona hivyo.

Majina ya kigeni hayakatazwi. Yapitishe tu kinywani mwa kila mtu wa nyumbani. Snowball likifika kwa shangazi ni Sinoboli, na Sinoboli ndilo utakalomfundisha mbwa.

Lijaribu kabla ya kulifundisha

Bakiza majina matatu. Simama mlangoni jioni, uite kila moja mara tano kuelekea barabarani kwa sauti ya mtu anayehitaji kuitikiwa. Mwenzako asimame hatua 50 mbali, bila kujua orodha, akuambie alichosikia. Jina alilolikosea mara mbili liondoe. Fanya hivyo siku yenye upepo, kwa sababu kusi likivuma bandarini Mikindani husikii hata baiskeli nyuma yako. Ukienda na mbwa ufukwe wa Msimbati, utagundua jambo jingine: mbwa mweupe juu ya mchanga mweupe haonekani vizuri akifika mbali kidogo, hivyo sauti ndiyo unayobaki nayo. Kisha muulize mtu mzima kuliko wote nyumbani kama jina lina maana nyingine kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua. Mambo yanayojulikana kwa wazee hayamo kwenye kamusi.

Usikae na majina matatu zaidi ya siku tatu. Mbwa anayeitwa hivi leo na vile kesho hujifunza kutoitika.

Kumfundisha jina

Chemsha kipande cha kuku bila chumvi wala kitunguu, ukate vipande 15 vya ukubwa wa punje ya hindi. Mayai ya kuchemsha yanafaa pia. Korosho usitumie: za kukaanga zina mafuta na chumvi nyingi, na mbichi yenye ganda ina mafuta yanayounguza midomo.

Kaa naye chumbani pasipo na kelele, umbali wa hatua moja. Ngoja atazame pembeni. Taja jina mara moja, kwa sauti ya kawaida. Akigeuza kichwa tu, sema “vizuri” na umpe kipande papo hapo. Ukichelewa sekunde tatu unakuwa umemlipa kwa kunusa sakafu. Vipande 15 vikiisha, acha. Dakika mbili zinatosha, mara tatu au nne kwa siku, kabla ya chakula na si baada yake.

Asipogeuka, usirudie jina. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu: “Chicha, Chicha, Chicha, we Chicha!” humfundisha kwamba jina lake ni refu na mwanzo wake hauna maana. Piga ulimi au gonga sakafu ageuke, mpe, kisha sogea karibu zaidi na uanze upya. Manyoya yakifunika macho na masikio, yapunguze kwanza kwa mkasi wa ncha butu, maana huenda anakusikia ila hakuoni, na anasitasita.

Akigeuka mara 9 kati ya 10 chumbani, hamia uani, hatua tano. Kisha kwenye geti watu wakipita. Kila ukibadilisha mahali, punguza umbali kwanza na uuongeze taratibu. Wengi hulishika jina ndani ya wiki moja kwa mahali patulivu. Kulishika mbele ya kuku wa jirani huchukua miezi.

Na usilitumie kamwe kumkemea, wala kumwita aje kuogeshwa ikiwa anachukia maji. Mbwa mweupe huoga mara nyingi kuliko wenzake, kwa hiyo kosa hili kwake hutokea mara nyingi zaidi. Siku ya kuoga mfuate alipo, umbebe kimya.

Mbwa mkubwa aliyekuja na jina lingine hubadilishwa bila shida. Taja jina jipya, mara moja fuatisha la zamani, akigeuka mpe. Siku saba hadi kumi baadaye acha la zamani. Ni rahisi zaidi likifanana irabu za mkazo na la kwanza: aliyekuwa Bata hulizoea Kashata upesi.

Jina likitulia, lipeleke kwenye kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo ya kwanza hutolewa akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka, na watu wengi hukumbushwa na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28. Andika jina kama linavyotamkwa nyumbani, na kwenye nafasi ya rangi usiishie “mweupe”. Andika “mweupe, manyoya marefu, masikio rangi ya asali, pua nyeusi”. Akipotea wakati wa mvua na kuokotwa akiwa mwekundu wa tope, masikio na pua ndivyo vitakavyomtambulisha mpaka umwite.